Majani Niliyoyaosha

Wakati wa vita treni haikufika tena Kindu. Katikati ya reli majani yakamea, laini, kama muntu ametandika mukeka mpaka macho yanapoishia. Nilikuwa ninatoka porini upande wa Lokandu, ambako tulikimbilia na uyoga njo ulitulisha. Nikalala juu ya majani yale, nikaota watu wanacheza mupira juu yake.

Mimi nilisoma primere miaka tatu tu, lakini uliza nani alipanda majani ya tereni yetu, uwanja wa mupira. Ni mimi! Vita ilipoisha nilibeba mizizi ya pale relini ndani ya gunia lenye maji, nikaipanda kwa vidole hivi.

Mwaka huu yakaanza kufa kwa miviringo, rangi ya kahawa. Mukubwa wa tereni akasema: "Yakiendelea, tunamwaga changarawe."

Nikakimbilia labo ya kilimo, pale wanapopima magonjwa ya mimea. Kwetu, mboga ya kupelekea muntu unaiosha kwanza. Basi niling'oa yaliyokufa kabisa, nikayaosha mtoni mpaka yakang'aa, nikayafunga kwa kitambaa cheupe. Mama wa labo akafungua, akacheka.

"Papa, umeniletea maiti, tena umeshaiogesha! Mugonjwa iko wapi?"

"Mama, mimi njo nilipanda tereni nzima. Unanifundisha majani?"

"Kata pembeni, pale kijani inapokutana na kahawa, pamoja na udongo. Na usioshe!"

Nikamuletea. Akayafunika ndani ya sahani yenye karatasi mbichi, na siku ya tatu akaniita kwenye mikroskopi. Nikaona nyuzi, zinagawanyika na kugawanyika, kama Lualaba na mito yake ikionwa na ndege. Nikaelea pale juu, nikasahau kama nina miguu.

"Angalia tawi linapoanzia," akasema. "Limebanwa kama kiuno. Kwa kiuno hicho njo ninamujua huyu anayekula majani yako. Ni ndugu ya uyoga, lakini mudogo sana."

"Uyoga ulitulisha porini, leo unakula majani yangu?"

"Unamwagilia saa gani?"

"Jioni, kila siku. Hakuna anayemwagilia kama mimi!"

"Basi wewe njo unamupikia, papa. Majani yanalala na maji usiku muzima. Mwagilia asubuhi."

Sasa ninamwagilia asubuhi, ukungu ukiwa bado unatembea juu ya Lualaba. Mukubwa alipokuja kupima mahali pa changarawe, nilimwambia kosa lilikuwa maji yangu ya jioni. Mbele ya siku ile sikuwahi kumwambia muntu maneno kama hayo. Halafu nikamuonyesha vichipukizi ndani ya muviringo. Aliinama, akaangalia sana. Akavua viatu, ndipo akapita juu ya majani.