Taa Zilizong'aa Mno

Siku mgambo walipoanza kupekua nyumba zetu za Igoma wakisaka walanguzi, nilikuwa na taa nne za landrova uvunguni. Nilizifungua mwenyewe kwenye magari mabovu ya yadi ya serikali, tena kwa kibali. Lakini kibali kilisema vyuma chakavu, na mimi, kwa kiherehere changu cha kuvutia wateja, nilikuwa nimezisugua kwa majivu hadi zikang'aa kama mpya, wakati madukani mpya hazikuwapo. Nani angeniamini? Nilipowasikia kwa jirani nikazipaka tope la uani. Mgambo aliyeingia kwangu aliinua moja, akapitisha kidole, akaniuliza taratibu, "Mbona tope halijakauka?"