Upande Gani wa Madagaska

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituoni nikiwa nimevaa suti ya kijivu niliyonunua ng'ambo, na diploma yangu ya hali ya hewa nimeibeba ndani ya bahasha ya plastiki isije ikalowa. Nilikuwa mtu wa kwanza wa kijiji chetu, juu kidogo ya Laare kule Meru, kusomea mawingu. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo hotelini, na niliporudi nyumbani sikumbembeleza mtu anipe kazi. Niliandika barua moja, ikatosha. Nasema haya mapema ili vijana mjue mnasoma maneno ya nani.

Mkuu wa Kituo, mtu mnene mwenye sweta ya kufuma, aliitazama bahasha, akanitazama mimi, kisha akanipa bilauri ndefu yenye mistari.

"Hiyo diploma iache mezani. Ni saa tatu. Nenda ukapime mvua."

Kipima mvua ni mkebe uliozikwa nusu ardhini, wenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi maji yaliyomo humiminwa kwenye bilauri na kusomwa. Nilisoma, nikarudi na jibu: milimita kumi na mbili.

"Umesoma ukiwa umesimama?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hiyo ni mvua ya watu warefu. Rudi upige magoti."

Maji ndani ya kioo hupanda kidogo pembeni. Kipimo sahihi ni pale chini katikati, jicho likiwa sawa nacho. Nilipiga magoti matopeni na suti yangu, nikapata kumi na moja na nusu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenirekebisha tena kwenye kipima mvua.

Kwa kuwa nilifanya kazi vizuri, nilihamishiwa Nairobi chini ya Mkuu wa Utabiri, mama mkimya aliyekunywa chai bila sukari. Huyu ndiye aliyenifundisha vimbunga. Kimbunga ni upepo unaozunguka kitovu chake kama maji yanayoingia kwenye shimo la sinki, na katika Bahari ya Hindi, kusini, msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Hakifiki Meru wala Embu. Lakini mwezi wa tatu, wakulima wetu wakingoja mvua ndefu, kimbunga kilicho mbali kinaweza kuileta au kuichukua.

"Kikikaa kati ya Madagaska na Msumbiji, kwa kawaida kinatunyang'anya unyevu," aliniambia akigonga picha ya setilaiti kwa kalamu. "Kikikaa mashariki ya Madagaska, mara nyingi kinavuta upepo wa Kongo, na sisi tunalowa. Swali la kwanza daima ni hilo. Kiko upande gani?"

Nililiandika daftarini na kulipigia mstari.

Kutoka hapo nilitumwa Ishiara, upande wa Embu, kuwashauri wakulima wa Mbeere. Kule mvua ni ya wiki chache tu, kwa hiyo watu hupanda ndengu katika vumbi kavu, tone la kwanza likute mbegu tayari. Utabiri wangu ulisomwa kanisani Jumapili, baada ya sadaka na kabla ya matangazo ya arusi. Msimu wa kwanza kimbunga kilikaa upande wa Msumbiji, nami nikatangaza: msipande, ngojeni.

Mama Ciarunji, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa ndengu, alinisubiri mlangoni.

"Mtu wa Laare anajua kupanda nini? Miraa ilipandwa na babu yake, yeye huchuma tu."

"Mama, ngoja wiki mbili. Nikikosea nitakulimia mwenyewe."

"Na hiyo suti?"

"Na hii suti."

Alingoja. Waliopanda walipata manyunyu ya siku mbili, kisha jua kali. Mbegu zilizochipua zikakauka na zilizobaki zikaliwa na kanga. Kimbunga kilipokufa mvua ikaja, na Mama Ciarunji ndiye aliyekuwa bado na mbegu. Watu wakaanza kuniita Profesa. Sikuwakataza.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, nilikuwa Kaaga, mgeni wa heshima katika shule moja siku ya kutuza wanafunzi. Katikati ya hotuba yangu simu ilitetemeka: kimbunga Madagaska, pamoja na picha ya setilaiti. Nilikuwa nimefika pale pa kuosha vyombo, mahali watu hupiga makofi. Nilipomaliza nilituma ujumbe usomwe kanisani kesho yake: ngojeni, kama mwaka jana. Picha sikuifungua.

Jumatatu mvua ilinyesha. Jumanne ikazidi. Jumatano Mkuu wa Utabiri alinipigia simu, akauliza maneno matatu tu.

"Kiko upande gani?"

Niliifungua picha. Mashariki.

Nilirudi Ishiara mara moja. Mama Ciarunji alikuwa barazani, debe la ndengu miguuni, kavu kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake yote, na mvua ya wiki chache ilikuwa inapita mbele yake.

"Profesa, hii yako ni ya milimita ngapi?"

"Mama, nimekosea. Sikutazama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natoa hotuba."

"Ilikuwa nzuri?"

"Walipiga makofi sana."

"Vizuri. Sasa vua viatu."

Kwanza nilimwomba kijana wa bodaboda mwenye kipaza sauti anizungushe sokoni, nikatangaza kwa mdomo wangu mwenyewe: nilikosea, pandeni leo. Kisha nikashika jembe. Udongo ulikuwa mzito, ng'ombe wa kulima wakizama, kwa hiyo tulilima kwa mikono, kikundi kizima, shamba kwa shamba, siku nne. Wanawake wale walinicheka tangu asubuhi hadi jioni, na mistari yangu ilikuwa imepinda kuliko yote. Mavuno hayakuwa makubwa, lakini ndengu zilipatikana, na debe la mbegu likajaa tena.

Sasa nimestaafu. Nina nyumba ya mawe Laare, na diploma iko ukutani ndani ya fremu. Wageni huonyeshwa wakitaka wasitake. Najisifu, na nina haki. Lakini mkiniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, nitawaambia ilikuwa kupiga magoti kabla ya kusoma, na kufungua picha kabla ya kusema.

Mwezi wa tatu mwaka huu simu ililia nikinywa chai.

"Profesa, kiko upande gani?"

"Mashariki, Mama Ciarunji. Pandeni."

"Tulishapanda juzi. Nimekiona kwenye simu yangu. Nilitaka tu kujua kama bado unatazama."

Nilikuwa nimetazama. Mara mbili.