Nywele za kinyozi zimeondoka tena, kingine hakijarudi

Saa mbili asubuhi, kinyozi anapangusa kiti, anapanga vichana, kisha anavuta kofia yake hadi karibu na nyusi. Mteja wa kwanza, dereva wa lori, anaketi na kufungwa shuka shingoni.

"Mwaka juzi utosi wako uliota msitu," dereva anasema. "Mimi huku mbele uwanja unazidi kupanuka. Nitajie hiyo dawa, bwana. Usile peke yako."

Kinyozi anawasha mashine.

Ana miaka arobaini na moja, na kwa miaka kumi na tisa amenyoa vichwa ishirini hivi kila siku. Wateja humwita Fundi Kimya. Kinyozi ndiye wa kwanza kuona utosi wa mtu ukianza kung'aa, naye hajawahi kumwambia yeyote. Akimaliza kunyoa hushika kioo kidogo nyuma ya kichwa cha mteja. Panapong'aa, hukiinamisha kidogo. Mteja huona shingo safi tu, akaenda zake ameridhika.

"Ndiyo adabu ya kazi," anasema. "Siku moja mwenzangu wa kiti cha pili alininyoa, nikaona naye anainamisha kioo. Nikajua nimekwisha."

Alinunua vidonge vya kuotesha nywele kwenye duka la dawa bila kumwona daktari. Baada ya miezi minane nywele zilishika. Lakini hamu ya tendo la ndoa ilipotea, na hata alipotaka, mwili uligoma. Akaacha vidonge, akitegemea kupona baada ya wiki chache. Miezi kumi na minne imepita.

"Nywele zimeondoka tena, kile kingine hakijarudi. Sasa nimepata nini?"

Mke wake hushona sare za shule. Anacheka kidogo akikumbuka.

"Nilidhani ana mtu. Nilifunga cherehani, nikasimama ng'ambo ya duka lake asubuhi nzima. Niliona visogo vya wanaume tu." Anashusha sauti. "Nilimwomba Mungu anionyeshe huyo mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Hili silijui."

Wana binti mmoja, na walikuwa wamepanga wa pili. Miezi mitatu iliyopita mke alifungasha nguo zake kwenye begi aende kwa dada yake. Hapo ndipo mume alipotoa kichupa alichokuwa amekificha kwenye boksi la mashine za kunyolea, akaeleza yote. Mke hakuondoka. Wala begi hakulifungua. Bado liko nyuma ya mlango.

Daktari aliyemwona anasema wapo wanaume wanaoripoti matatizo kama hayo hata baada ya kuacha dawa, ingawa ni wachache, na wataalamu hawajakubaliana kuhusu sababu. Anataka kwanza kupima sukari, shinikizo la damu na homoni, na kuzungumza nao wote wawili. Hofu nayo, anasema, inaweza kuzidisha tatizo.

"Nilikwenda kutafuta jibu moja, nikarudi na maswali manne," kinyozi anasema. "Nikisali, sijui hata niombe nini. Niombe dawa itoke mwilini, au niombe kichwa kitulie?"

Kitini, dereva hajakata tamaa. "Kwa hiyo unaninyima?"

Kinyozi anazima mashine. "Kaka, nilimeza bila kupimwa. Tangu hapo mambo ya chumbani hayaendi. Huenda ni vidonge, huenda sivyo. Nikisema ndivyo, labda nasema uongo. Nikinyamaza, labda nakuumiza. Kamuone daktari kwanza."

Dereva anamtazama kwenye kioo kikubwa cha ukutani. "Kumbe hata wewe unaongea," anasema taratibu. "Basi pole, ndugu yangu. Endelea kunyoa."

Jumanne ijayo mume na mke watakwenda kliniki pamoja. Kabla ya hapo, Jumapili wakitoka ibadani, mke atamnyoa kichwa chote, maana kinyozi hajinyoi. "Nimemwambia kioo akishike wima," anasema mume.

Na begi? Mke anashika uzi mdomoni kabla ya kujibu.

"Gauni langu la kutokea lilikuwa chini kabisa. Imebidi nitoe vyote. Sijavirudisha bado."