Kaya Mia Moja za Juu

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu niliingia ofisini nikijiona mjuzi. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, na ofisi ya mifugo ilinichukua kwa kuwa nilijua kompyuta. Wakati huo tuliojua tulikuwa wachache, basi kichwa kikawa kikubwa.

Kulikuwa na orodha ndefu ya kaya zilizopewa chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku banda zima. Maelfu ya mistari, kila kaya na mstari wake. Nilitakiwa kuchagua kaya mia moja, tuzitembelee, tujue kama chanjo imesaidia. Mimi nikakata mistari mia moja ya juu, nikamaliza kabla chai haijapoa. Zote zilikuwa jirani na Ilongero, ilipokuwa ofisi yetu. Tulikuta kuku wazima, nikaandika ripoti kwamba mambo ni mazuri, tuendelee vilevile.

Mkuu wangu, Mzee Ntandu, aliisoma hadi mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Binti, hii orodha imepangwaje?"

"Kijiji kwa kijiji, mzee. Kuanzia vya karibu."

"Sasa wa mbali umewauliza lini?"

Nikajitetea kwamba mistari ni mingi mno.

"Sijasema uende kwa wote. Nataka kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa."

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaongeza safu moja, nikaiagiza kompyuta iipe kila kaya namba ya kubahatisha, nikaipanga orodha upya kwa namba hizo, ndipo nikachukua mia. Safari hii majina yalitoka kila upande.

Moja lilikuwa la mama mjane, mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanionyesha banda tupu.

"Dawa mlileta, mwanangu, ila ilifika imeshapata joto, haina nguvu tena. Kuku wamekwisha wote. Hao ndio walikuwa sare za shule za watoto wangu."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Niliinamia daftari asinione machozi.

Ripoti ya kwanza niliichana. Ya pili ndiyo iliyoleta masanduku ya barafu, na wachanjaji wakafundishwa hukohuko vijijini. Mwaka uliofuata nilipita kwa yule mama, nikakuta majogoo wanafukuzana uani, na watoto wako shule. Akakataa katakata niondoke bila kula.

Wewe sasa umeajiriwa, mwanangu, na orodha zako ni ndefu kuliko zangu. Kabla hujachagua, uliza zimepangwaje, na nani amewekwa chini kabisa. Usichukue walio juu kwa kuwa ni rahisi kuwafikia. Na ukikosea, rudia kazi bila kuona haya. Mimi nilirudia, na hakuna aliyenicheka.

Mungu akupe subira kazini, na kila nyumba utakayobisha hodi ikukaribishe kwa moyo mweupe.