Pua ya Fundi Redio

Shemeji yangu, fundi redio, hana pua. Pua anayo, tena kubwa, ila haisikii harufu tangu ile homa iliyomlaza hospitali. Dada yangu alipokuwa hai alimnusia kila kitu. Alipofariki, kazi nikairithi mimi: kila asubuhi naingia jikoni kwake kunusa kama gesi imevuja, halafu ananipa chai. Mimi mjane, tunatenganishwa na ukuta tu. Sauti ya kwanza niliyoisikia kila siku ilikuwa yake.

Binti yake akaja juu kwenye simu: "Baba, siku mama mdogo akiumwa itakuwaje? Nakuja kukuchukua."

Thubutu! Fundi akanunua kihisi cha gesi na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani.

"Kihisi kinanong'ona," alinieleza, "umeme unapanda na kushuka kidogo kidogo. Kompyuta hii inaelewa ndiyo na hapana tu. Kwa hiyo katikati naweka kigeuzi, kinageuza mnong'ono kuwa tarakimu."

"Mkalimani wa mahakamani huyo," nikasema. Akacheka. Yeye analehemu, mimi nimeshika tochi. Siku njema hizo, jamani.

Asubuhi ya kwanza kidude kikapiga kelele. Nikanusa, wapi! Gesi hakuna. Kesho yake vilevile. Akakagua waya za kigeuzi zote, nzima. Kumbe mzee wa watu kila akienda kulala anachomoa plagi, asubuhi anairudisha, mazoea ya mafundi redio, na kihisi kikiwa baridi husema uongo mpaka kipate moto. Mazoea yana taabu! Akaiacha plagi ukutani usiku kucha, kikatulia. Akakisogezea kiberiti cha gesi bila kukiwasha, kikalia sawasawa.

Binti akaridhika, baba akabaki kwake. Nilifurahi kweli. Kisha akaniambia, "Sasa pumzika, shemeji. Hutahangaika tena."

Nipumzike! Kesho yake niliamka, nikavaa kandambili, nikafika mlangoni, ndipo nikakumbuka. Nikarudi kuketi. Siku zikapita hivyo. Chai ya peke yako hainyweki, na upweke unauma, asikudanganye mtu.

Asubuhi moja kidude kikalia. Nilitoka mbio, kandambili mguu mmoja. Jikoni nikanusa: harufu ya kiberiti tu. Fundi amesimama na kile kiberiti cha gesi mkononi, vikombe viwili mezani.

"Una wazimu? Nimekuja roho mkononi!"

"Mbona siku hizi huji?"

"Si una kidude?"

"Kidude hakinywi chai," akasema, akanivutia kiti.