Lenzi Haikuwa Mbovu

Watu wanaokodi kamera wana kiburi, na mimi niliyewahudumia miaka kumi na mitano nina haki ya kusema hivyo. Anaingia kijana na miwani ya jua, nje mvua inanyesha, anataka apewe kila kitu saa ile ile, na ukimwuliza anakwenda kupiga picha gani anakutazama kama umemwuliza siri za ndoa yake. Avtar Singh hakuwa hivyo. Aliingia dukani kwetu, kule Wembley, London, mwaka 1994, na kilemba chake cha buluu na mfuko wa jugu mkononi, akasimama kando kungoja nimalize simu. Nilikuwa namgombeza dada yangu aliyeko Unguja, tena kwa Kiswahili, nikijua hapana anayenifahamu. Nilipoiweka simu chini akasema, "Pole, dada. Lakini huyo naye ana makosa, kweli."

Nilicheka mpaka nikasahau kuona haya. Tangu siku ile mimi nikamwita Mzee Avtar, naye akaniita Dada Kulthum, ingawa jina langu ni Ummukulthum na wenzangu wa kazini walishalikatakata likabaki nusu. Akija kukodi taa za harusi tunaanza na habari za nyumbani, kisha tunateta kidogo, kisha ndiyo taa.

Alikuwa mzaliwa wa Nakuru, mtoto wa fundi wa malori. Baba yake alifariki mapema. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya waliokuwa na paspoti za Uingereza walipokuwa wakikimbilia kuingia kabla mlango haujafungwa, yeye na mama yake wakaja Southall. Alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akanunua kamera ya video akawa mpiga picha wa harusi. Nusu ya waliooana Southall miaka ile walipita mbele ya kamera yake. Alikuwa na desturi yake moja: kabla ya bibi harusi, kabla ya wazee na wageni wa heshima, anaanza jikoni. Anawachukua wanawake wanaokaanga na kusukuma chapati, jasho linawatoka. "Hawa ndio wamefanya harusi," aliniambia, "lakini video ikitoka, hawamo." Wateja wengine walilalamika kwamba wamelipia bibi harusi wakaletewa sambusa. Hakubadilika ng'o.

Na mke wake walikwisha kuachana zamani, na mtoto hawakupata. Aliishi na mama yake, Champa, ambaye yeye alimwita Biji, kama Wapunjabi wanavyowaita mama zao. Nilimwona mara mbili tatu tu, kibibi kidogo, mwepesi, akisema Kipunjabi kilichojaa maneno ya Nakuru kama sufuria na fagio. Kila nikiingia huniuliza, "Umekula?" na jibu langu halisikilizi, sahani iko mezani.

Miaka ilivyokwenda kazi ya harusi ikampungukia. Vijana walikuja na kamera ndogo na kompyuta, wakafanya kwa siku mbili kazi aliyoifanya yeye kwa mwezi. Alijikaza kisabuni. Mimi nilimtania kwamba sasa apumzike, alee kuku. Akanijibu kwamba amepiga picha za watu maisha yake yote na hakuna hata siku moja jina lake lilipotokea mahali. Alilisema huku anacheka, lakini nilijua lilikuwa linamkera.

Basi mwaka 2007 akaja dukani uso umemchangamka kama mtoto wa Sikukuu. Binti mmoja aitwaye Amisha, mtayarishaji wa vipindi, alikuwa akitengeneza mfululizo wa televisheni kuhusu wanawake wazee wa London, na amemkubalia dakika kumi. Filamu ya Biji. Itaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa zima, na mwishoni litapita jina: Avtar Singh, mpiga picha.

"Biji moyo wake umechoka," alisema. "Daktari ameniambia. Nataka amalize akiwa ameonekana. Mara moja tu, Dada Kulthum, yeye awe wa kwanza."

Sharti lilikuwa moja: picha lazima iwe ya HD, ile inayoonyesha kila kitu waziwazi kuliko video ya kawaida. Ndiyo kwanza wakati ule stesheni zilikuwa zinahamia huko, na kamera zake zote za nyumbani hazikufaa. Nikamtolea moja ya zile kubwa, na lenzi yake, tripodi, betri na kanda. Nikamweleza, maana ni kazi yangu kueleza. Zile kamera ndogo za harusi zinajitafutia zenyewe fokasi. Hii haijitafutii kitu. Ni wewe, jicho lako kwenye kitundu cha kutazamia, na mkono wako kwenye pete ya lenzi. Ukizidisha unywele mmoja, uso unaingia ukungu. Katika video ya kawaida kosa dogo kama hilo hapana aliyelitambua. HD haisitiri.

"Chukua mtu wa kukushikia fokasi," nikamwambia. "Yupo mmoja hodari, mpole, hata hasemi."

"Hapana. Biji hawezi ongea mbele ya stranger. Itakuwa mimi na yeye tu, kitchen, mlango umefungwa."

Sikumlaumu. Mama yangu mimi mbele ya mgeni alikuwa hata kikohozi anakimeza. Pale dukani kila chombo hupimwa kabla ya kutoka: tunaielekeza kamera kwenye chati yenye nyota iliyochorwa kwa mistari myembamba, na mistari ikionekana mmoja mmoja hadi katikati, lenzi ni nzima. Niliipima mwenyewe. Ilikuwa nzima. Sisi tulipima vyombo, hatukupima watu.

Aliirudisha baada ya siku tatu, safi, kila waya umekunjwa. Hakutaka kwenda. Aliketi kwenye sanduku la tripodi akaniambia kilichotokea.

Biji alizungumza siku mbili mambo ya kawaida, kushona sare za shule Nakuru, baridi ya mwaka wa kwanza Southall. Siku ya tatu, bila kuulizwa, akasema kwamba kabla ya Avtar alizaa msichana. Aliishi miezi minane, surua ikamchukua. Kwao maiti huchomwa, lakini mtoto mdogo kama yule huzikwa. Wakamzika Nakuru. Walipokuja huku, alisema Champa, watu walilia kwa kuacha maduka na nyumba. Yeye aliacha kaburi, na hakumwambia mtu. Akalitaja jina lake.

"Nina miaka fifty-eight," Avtar akasema, "na mimi sikujua nilikuwa na dada. Nilikuwa nyuma ya camera, nikaendelea kupiga. Nilifikiri nikisimama, yeye pia atanyamaza."

Nikamwambia alifanya vizuri. Ndivyo nilivyoamini, na bado naamini.

Wiki mbili hazikutimia, Biji akafariki usingizini. Nilikwenda gurdwara, hekalu lao, nikakaa nyuma na wanawake, nikala chakula chao. Avtar alinishika mikono miwili akasema angalau filamu ipo. Alilisema kwa kila mtu aliyempa pole: angalau filamu ipo.

Kisha stesheni ikaikataa. Kila kipindi hupita kwa mafundi wao kabla ya kuonyeshwa, na mafundi walisema mahojiano yote ya jikoni hayana fokasi, hayafai. Amisha alinipigia simu, sauti imemkauka, akauliza kama lenzi yetu ilikuwa na kasoro. Nikamwambia haikuwa nayo. Akasema basi hana la kufanya, nafasi ya dakika kumi ameshampa bibi mwingine wa Hackney.

Kesho yake Avtar akaja na kanda kwapani. Hakuuliza hali. "Lenzi yenu ni mbovu," alisema, mbele ya wateja. "Mmenipa kitu mbovu. Biji hayuko tena, nitampiga tena vipi?"

Hasira zangu mimi ni moto wa kifuu, hazichelewi kuwaka. Nikamwambia anifuate nyuma. Nikaitoa kamera ile ile na lenzi ile ile, nikaifunga kwenye tripodi, nikaielekeza kwenye chati, nikaunganisha monita kubwa. Nikazungusha pete kidogo, na nyota ikajitokeza, mistari yote, mpaka katikati.

"Haya," nikasema. "Ubovu uko wapi? Hebu fanya wewe."

Nikaivuruga fokasi kusudi, nikampisha. Akaweka jicho kwenye kitundu. Akaizungusha pete taratibu, kwa vidole vya mtu anayeijua kazi yake. Nyota kwenye monita ikaanza kuja, ikaja, ikawa wazi kabisa. Yeye akaendelea kuzungusha. Ikapotea tena katika ukungu, na hapo ndipo aliposimama.

"Hapo," akasema.

"Hapo ndipo?"

"Hapo. Sharp kabisa."

Hasira zote ziliniishia. Nilimwangalia yule mzee amejiinamia kwenye kamera, kilemba chake kimekaa sawasawa, anangoja nimwombe radhi. Nikamwambia ageuke atazame monita, kubwa kama meza, aniambie anaona nini. Akageuka. Alitazama muda. Akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kioo.

"Dada Kulthum," akasema polepole, "usinifanyie hivi."

Akakaa. Kisha akasema yote kwa mkupuo, kama mtu aliyechoka kubeba. Sukari anayo miaka mingi. Hospitali walimwandikia barua mara tatu aende kupimwa macho, hakwenda, kwa kuogopa kunyang'anywa leseni ya gari, na bila gari hapana harusi. Katikati ya jicho la kulia pameingia kivuli, na la kushoto halina nafuu kubwa. Katika harusi kamera ilimtafutia fokasi, na watu aliwajua kwa sauti na kwa rangi za nguo. Hapana bibi harusi aliyegundua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; huyu aliumbuliwa na lenzi, tena mbele yangu mimi, niliyemsukuma mwenyewe kwenye chati kwa hasira.

"Basi lenzi ilikuwa nzima," akasema.

"Nzima, Mzee."

Akaitoa ile kanda kwapani. "Niwekee. Si kwa television. Hiyo imekwisha. Kuna kitu nataka kuuliza."

Nikaitia kwenye mashine. Jiko la Southall likajaa kwenye monita, na la kwanza nililoliona ni ukuta. Ukuta ulikuwa wazi kupita kiasi. Niliweza kuhesabu nyufa za rangi, kutu kwenye bawaba ya kabati, hata alama za vidole kwenye mfuniko wa kopo la chai. Mbele ya hayo yote, pale mama alipokuwa amekaa, palikuwa na shela jeupe na duara la rangi ya chai ya maziwa, linatikisika kidogo linaposema.

Sauti ilikuwa safi. Alisema Kipunjabi, na Avtar akanitafsiria ijapokuwa sikumwomba, kwa kunong'ona. Surua. Miezi minane. Baba yake alimbeba mwenyewe, ndani ya kitambaa. Kisha likaja jina, hilo halikuhitaji tafsiri, na baada ya jina Champa akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu. Lile duara liliinama, likainuka. Kisha akaendelea na habari za mvua ya siku ile, kwa sauti ile ile.

Avtar akaisimamisha kanda.

"Hapo," akasema. "Hapo aliponyamaza. Alilia?"

Nikaiinamia monita.

"Nilikuwa mbele yake, dada. Karibu hivi, kama wewe na mimi. Lakini jicho langu lilikuwa ndani ya camera, na ndani ya camera sikuona kitu, nilisikia tu kimya. Kama alilia, basi nilimwacha alie peke yake na mimi niko hapo nazungusha pete. Nataka kujua."

Ningeweza kumdanganya. Watu wangu wanajua kumdanganya mfiwa kwa wema, na dhambi yake ni ndogo. Ningesema alikuwa mtulivu, Mzee, hakulia, alitabasamu hata. Avtar akairudisha kanda nyuma, na mimi nikatazama kwa macho yangu yote. Niliiona kutu. Niliziona alama za vidole kwenye kopo. Uso wa mama yake nilikuwa siuoni, na kama palikuwa na machozi, hapana jicho la mtu yeyote litakaloyaona tena.

"Haionekani," nikasema. "Wallahi, Mzee, haionekani."

Alitikisa kichwa kama aliyekubali. Kisha mkono wake ukakipapasa kiti changu, akakivuta karibu zaidi na monita, akairudisha kanda tena.

"Tazama vizuri, dada," akasema. "Wewe una macho."