Niliyeshika Sindano

Mimi si mtu wa kushangazwa. Shule niliishia darasa la pili, lakini leo nina malori mawili, mashine ya kusaga pale Kimamba na nyumba ya bati yenye vyumba saba, na hakuna aliyenipa hata msumari. Nimeona Mzungu wa shamba akimlilia mbwa kama mtoto. Nimeona karani aliyesoma mpaka akachoka akiliwa mshahara wote kwenye karata tatu. Hakuna kilichobaki cha kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mke wangu juzi, naye badala ya kunijibu akaninyooshea sindano na uzi mweusi. "Baba Neema, hebu nitungie, macho yangu leo hayataki."

Nikaishika. Mkono huu unaofungua gurudumu la lori peke yake ukakosa tundu mara tatu. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Mwenye malori kashindwa na sindano!" Kisa cha sindano hakijui. Nawaambia ninyi.

Nilizaliwa kambini, wakati wa Mwingereza, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya Kimamba. Aliyekaa huko anaijua ile harufu: makapi yakitoka korona, mashine ya kusagia majani, yanalala mtaroni mpaka yanachacha, na upepo ukigeuka unayala pamoja na ugali wako. Baba alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Ubena, akakata mkonge miaka minne, akaenda kwao kusalimia wazee. Mpaka leo anawasalimia. Tukabaki mimi na mama, na mama kazi yake ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Singa zikitoka kuoshwa huning'inizwa kwenye nyaya ndefu zilizonyooka, mstari baada ya mstari, na jua la saa sita likizipiga zinang'aa kiasi kwamba huwezi kuzitazama bila kukunja uso.

Mama alikunja uso hata kivulini. Alikuwa na vikope. Kope zake ziligeukia ndani, na kila akipepesa zinamkwaruza jicho. Asubuhi kabla ya kengele nilimlaza kichwa kwenye mapaja yangu nikazing'oa moja moja kwa kibano. "Vuta, baba, usiniogope," aliniambia, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimng'oa kope, nilimtungia sindano, nilimchagulia mchele. Kambi nzima walisema mikono ya Zaka haikosei, nami nilitembea nayo mbele kama mtu aliyebeba zawadi.

Kila mwezi alikuja dresa, mfunga vidonda wa hospitali, kutoka Kilosa, kijana mnene mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Alimwamkia mama shikamoo, akasubiri marahaba yake, ndipo akamfunua jicho. Akampa tyubu ndogo ya dawa ya manjano.

"Paka asubuhi na jioni, mama. Jumatatu ya kwanza mwezi ujao panda treni uje Kilosa tukugeuze kope. Ni kazi ya robo saa. Lakini ukichelewa jicho litafanya kovu, na kovu hilo sisi hatuliwezi."

Mama akaifunga tyubu kwenye pindo la kanga. Alipaka kila siku, na baada ya wiki mbili wekundu ulikuwa umepungua, hata usaha wa asubuhi ukakoma. Likumbukeni hilo, maana wengine walilisahau haraka.

Siku chache kabla ya Jumatatu ile, kambi ikajaa nyimbo za Watu wa Umande. Walikuwa kundi la waombeaji kule Mikumi. Alfajiri wanatandaza shuka nyeupe juu ya majani, zikilowa wanazikamua, na maji yale ndiyo dawa ya kila kitu: viziwi, vilema, wagumba. Mkubwa wao, Baba Umande, zamani alikuwa mpishi wa kambi ya barabara. Waislamu walikwenda, Wakristo walikwenda, mnyapara wetu asiye na dini yoyote alikwenda na goti lake. Mama akaomba ruhusa, tukapata lori la mfanyabiashara pale Kilosa, tukakaa juu ya magunia ya chumvi mpaka Mikumi.

Nakumbuka baridi. Nakumbuka majani yalinifika kiunoni, na nyati mbali kabisa, weusi, wametulia kama wanasubiri zamu yao. Baba Umande alikuwa mrefu, sauti yake laini kama ya mtu anayeita kuku. Alimkamulia mama matone machoni.

"Unaona nini, dada?"

"Mwanga," mama akasema. "Naona mwanga!"

Jua lilikuwa linachomoza. Hata mimi niliuona.

Kisha ukaja mtihani. Waliosema wameponywa macho walitakiwa kutunga uzi kwenye sindano mbele ya watu wote. Mwanamke wa kwanza alitokea Dumila. Akachoma, akakosa, akachoma, akakosa. Baba Umande hakumgombeza. Alimwuliza taratibu, "Dada, umeficha nini moyoni?" Watu wakaanza kuimba huku wakirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka yule mama akabaki peke yake katikati ya majani, sindano mkononi, akijaribu bado.

Ikafika zamu yetu. Baba Umande akasema, "Mwanawe amshikie sindano, asije mtu akasema anatunga kwa kupapasa."

Nikaishika mbele ya kifua changu. Mama akalowesha ncha ya uzi kwa mate, akaikaza, akaileta. Ilikuwa inakwenda kando. Ilikuwa inakuja moja kwa moja kwenye kidole gumba changu. Nyuma yangu nikasikia mtu anaanza kuvuta wimbo, ule ule.

Nikasogeza sindano. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Tundu likaukuta uzi, ukapita.

Vigelegele! Mama aliuvuta uzi mpaka sindano ikaning'inia inazunguka, akaigusa kama mtu anayegusa uso wa mtoto mchanga. "Zaka, umeona? Nimetunga mwenyewe! Umeona?"

"Nimeona, mama."

Walinibeba mabegani. Baba Umande mwenyewe alinipa paja la kuku, na mpishi yule alijua kupika, hilo simnyimi. Nilikuwa juu kule, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko, nilipomwona mama akifungua pindo la kanga. Palikuwa na shimo la kutupia dawa, kwa sababu aliyeponywa akibaki na dawa amemwita Mungu mwongo. Tyubu ya manjano ikaingia humo pamoja na chupa za kwinini na mizizi ya waganga.

Jumatatu treni ikapita. Mama alikuwa kwenye nyaya zake, nami nilimfuata mpaka huko.

"Mama, Kilosa hatuendi?"

"Kufanya nini? Mtu anayetunga sindano?" Akacheka, akaendelea kutandaza singa.

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimfikiria yule mama wa Dumila kwenye majani. Nililifikiria na lile paja la kuku, siwadanganyi. Nikayameza, nikampa fungu jingine la singa.

Usaha ulirudi kabla ya mvua. Dresa alipokuja tena, mama alijificha chooni mpaka akaondoka. Na kope zikaendelea kukwaruza, maana sasa hata kung'oa alikataa. Kung'oa ni kukiri kwamba hakupona. Miaka miwili alifanya kazi bila mtu kugundua kwamba haoni. Nyaya zilinyooka, naye alizifuata kwa mkono, akaanika vizuri kuliko wenye macho. Mpaka siku mnyapara alipohamisha mstari mmoja upande wa pili wa njia. Mama akaja na mzigo wake wa singa, akasimama palipokuwa na waya, akainua mikono, akaanika hewani. Singa zikaanguka mavumbini. Akaokota, akaanika tena.

"Mama Zaka, leo unawaanikia malaika?" mwanikaji mwenzake akapiga kelele, na wote wakacheka. Kisha vicheko vikafa vyenyewe, kimoja baada ya kingine. Mama akabaki ameinua mikono.

Nilipopata lori langu la kwanza nilimpeleka kwa daktari wa macho mwenyewe. Alimulika mara moja tu, akazima kurunzi. Kovu. Nje ya mlango ule, mimi mtu mzima mwenye leseni ya biashara, nilipiga magoti nikamwambia mama kila kitu: kwamba uzi ulikwenda kando, kwamba mimi ndiye niliyesogeza.

Akanitafuta kichwa, akanipapasa. "Ulikuwa mtoto, baba. Huwezi kukumbuka. Niliiona ile sindano kama ninavyo... Niliiona. Macho yalipotea baadaye, kwa dhambi zangu nyingine. Nipeleke Mikumi nikashukuru."

Utotoni nilidhani nimewadanganya wale wa vigelegele. Wale walikuwa wamesahau kabla ya chakula cha mchana. Niliyemdanganya alikuwa mmoja tu, naye aliniamini kuliko alivyomwamini Baba Umande.

Nikampeleka. Baba Umande alishakufa, lakini shuka zilikuwepo, na watu walikuwepo. Mama akasimama na macho yake meupe akasimulia, kisha akanigeukia. "Zaka, nishikie sindano." Nikaishika, na mkono ukafanya vile ulivyofanya zamani. Vigelegele vikapigwa. Pembeni ya shimo alisimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, macho ya mtoto yamegandana usaha, na tyubu mkononi. Nilimkimbilia. Nilimwambia ni uongo, uongo wangu mwenyewe, nikamtia noti mkononi, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali hata siku hiyo hiyo. Akanishukuru kwa kupiga goti, akatupa tyubu shimoni, na ile noti akaiweka kwenye sahani ya sadaka.

Mama alishukuru hadi siku aliyokufa. Mimi nabaki na hesabu ya safari ile ya shukrani. Mafuta ya lori shilingi sitini na nne na senti hamsini, mbuzi wa shukrani shilingi tisini, shuka nyeupe ya kuwaachia shilingi ishirini, sadaka ya mama hamsini, noti ya yule binti ishirini: shilingi mia mbili arobaini na nne na senti hamsini.